Maswali ya Wasomaji: Programu ya Kuhariri Picha kwa Mwenye Mfuko Mdogo

Barua nyingi za mwezi huu zimezungukia jambo moja: mtu ana kamera au simu nzuri, anapiga picha kwa kupenda tu, na anatafuta programu ya kuzisafisha isiyomnyima hela ya sabuni. Majina ya vitufe tumeyaacha kama yanavyosomeka kwenye skrini, ili uyaone ukiyatafuta.

Wahariri, salaam. Nina Canon EOS 2000D na laptopu ya Windows yenye RAM ya GB 4. Napiga ndege na mandhari huku Uluguru siku za mapumziko. Kila ninayemuuliza ananitajia programu yake. Nianze na ipi bila kulipa?
*Msomaji, Morogoro*

Wa alaikum salaam. Kabla ya programu, tazama kadi yako ya memori: majina ya faili yanaishia na JPG au CR2? Hapo ndipo jibu linapoanzia. JPEG ina ngazi 256 tu za kila rangi, kutoka giza hadi weupe. CR2, yaani faili ghafi ya kamera yako, ni ya biti 14, maana yake ngazi 16,384. Bawa la ndege aliyekaa kivulini unaweza kuliinua kwenye CR2 na manyoya yakatokea. Ukifanya hivyo kwenye JPEG utapata mabakamabaka. Kama kamera iko kwenye JPEG peke yake, ingia menyu ya ubora wa picha uchague RAW+L. Kadi itajaa haraka, kwa sababu picha moja ghafi ya megapikseli 24 huchukua kiasi cha MB 25 hadi 30, lakini utakuwa na kitu cha kufanyia kazi.

Programu ya kwanza tunayokushauri wengi huisahau: Digital Photo Professional ya Canon wenyewe. Ni ya bure kwa mwenye kamera yao. Unapoipakua tovuti huweza kukuuliza namba ya kamera, ambayo imeandikwa chini ya kamera. Faida yake kubwa kwa anayeanza ni kwamba inaelewa mipangilio ya kamera, hivyo picha ikifunguka inafanana na uliyoiona kwenye skrini ya nyuma, na unaanzia pazuri. Mwenye Nikon atafute NX Studio, mwenye Sony atafute Imaging Edge Desktop. Zote hazilipiwi.

Ukishazoea ukaona zinakubana, hamia darktable au RawTherapee. Zote mbili ni za bure kabisa, hazina toleo la kulipia lililofichwa, na zinafanya kazi Windows, Mac na Linux. darktable ina hifadhi ya kupanga picha na njia nyingi za kuhariri sehemu moja ya picha. RawTherapee inasoma tu mafolda ulivyoyapanga wewe, na ina usafishaji mzuri wa chengachenga, yaani vidoadoa vinavyojitokeza kwenye picha za mwanga hafifu. Ila kumbuka kukuza picha hadi 1:1, yaani pikseli moja ya picha kwa pikseli moja ya skrini, unapoinoa au kuondoa chengachenga, maana ikiwa imepunguzwa kwenye skrini hutaona tofauti, utazidisha, na ndege atakuwa kama wa plastiki.

Sasa RAM yako, maana ndiyo itakayokuumiza. darktable inahesabu kila pikseli kwa namba nne za baiti nne. Picha ya pikseli milioni 24 inakula MB 384 kwa nakala moja tu inayofanyiwa kazi, na programu hushika nakala kadhaa kwa wakati mmoja. Windows yenyewe imeshakalia karibu nusu ya hizo GB 4. Matokeo yake kompyuta inaanza kutumia diski badala ya RAM, na kila ukigusa kitu unasubiri. Kama una fedha kidogo za kutumia, usinunue programu. Nunua RAM ufikie GB 8, na kama diski ni ile ya kuzunguka, weka SSD. Muulize fundi kwanza kama laptopu yako ina nafasi ya kuongeza, kwani baadhi zimechomelewa RAM kwenye ubao.

Na tafadhali chagua moja ukae nayo miezi miwili. Anayepakua programu nne kwa siku moja hujifunza kufungua picha tu.

Wahariri wapendwa, nilipiga harusi ya binamu yangu kwa faili ghafi, nikazifungua kwa darktable. Picha ilionekana nzuri, baada ya sekunde mbili ikafifia mbele ya macho yangu. Nikajaribu kuinua vivuli, nyuso zikawa na rangi ya majivu. Kosa ni langu au la programu?
*Msomaji, Mombasa*

Programu haijakosea. Ile picha nzuri ya sekunde mbili za mwanzo ilikuwa JPEG ndogo ambayo kamera huificha ndani ya faili ghafi. Kamera ilikuwa imeshaipika: imeongeza tofauti ya giza na mwanga, imekoleza rangi, imenoa kingo. darktable ikishasoma faili lenyewe huiondoa hiyo na kukuonyesha kilichomo. Umepewa unga, mkate uoke mwenyewe.

Anza na kisanduku cha exposure, na macho yako yawe usoni, si kwenye nguo. Picha za harusi za Pwani zimejaa weupe: kanzu, gauni, mapambo ya ukumbi. Mita ya kamera hutaka kila kitu kiwe na wastani wa kijivu, ikiona weupe mwingi inapunguza mwanga, na nyuso za watu weusi ndizo zinazolipia. darktable huanza yenyewe na nyongeza ya 0.7 EV (EV ni kipimo cha mwanga, na kila EV moja huuongeza mara mbili). Kwenye picha za namna hii usishangae ukihitaji kufika 1.5 au 2. Kanzu itaonekana inawaka. Isikutishe, kwani kisanduku cha sigmoid, au filmic rgb kama ndicho toleo lako linachowasha, kipo kwa ajili ya kuurudisha weupe huo taratibu. Kitakachoshindikana ni weupe ambao kamera yenyewe iliuchoma siku ile, kwa kuwa hapo hakuna kilichorekodiwa.

Pili ni rangi ya taa. Kisanduku cha white balance kiache kwenye camera reference, marekebisho yafanye kwenye color calibration. Ukigusa vyote viwili vinagombana, na programu itakuonya kwa maandishi mekundu. Ndani ya color calibration kuna alama ya kudondoa rangi: unaiburuta juu ya kitu unachojua hakina rangi, nayo inasawazisha picha nzima. Hapa wengi hudondoa kanzu ya bwana harusi. Itazame vizuri kwanza. Kanzu nyingi si nyeupe, zina rangi ya maziwa, na uzi wa darizi shingoni ni wa dhahabu. Ukiiambia programu kwamba rangi ya maziwa ndiyo nyeupe, itaongeza buluu kwenye picha yote ili kuifuta, na joto la ngozi litaondoka pamoja nayo. Dondoa karatasi, sahani, au ukuta mweupe unaopigwa na taa ileile iliyowapiga watu.

Tatu ni hayo majivu. Ngozi nyeusi inapendeza kwenye picha kwa ule mng'ao wa paji la uso, shavu na pua, ukiwa jirani na vivuli vyenye kina. Ulipoinua vivuli kwa nguvu, giza la uso lilipanda likaukaribia mwanga wake, tofauti ikafa, uso ukawa bapa. Rudisha vivuli sifuri. Badala yake ongeza kisanduku cha exposure cha pili, ukichoree umbo la yai kuzunguka uso, panua ukingo wake wa nje ili mpaka usionekane, kisha upe 0.3 hadi 0.5 EV. Uso mzima unapanda pamoja, mng'ao unabaki juu na kivuli kinabaki chini. Ukitaka kina zaidi, ongeza kidogo contrast kwenye sigmoid. Rangi ikolezwe mwisho, kwa vibrance ya color balance rgb, na kwa mkono mwepesi, kwani ngozi ya kahawia ikikolezwa sana inageuka rangi ya chungwa.

Ukimaliza picha moja, zilizopigwa kwenye taa hiyohiyo unaweza kuzipa marekebisho yaleyale: rudi lighttable, yaani ukurasa wa darktable wa kupanga picha, chagua uliyoimaliza, bonyeza selective copy, ondoa alama kwenye exposure ya pili, kisha zichague nyingine ubonyeze paste. Usipoiondoa, lile yai litabaki palepale kwenye kila picha, na mahali pengine litaangukia kwenye keki.

Jambo la mwisho: kando ya kila faili ghafi darktable inaandika kijifaili chenye mwisho wa XMP. Kazi yako yote imo humo. Ukihamisha picha kwenda diski ya nje, vihamishe pamoja, na usibadilishe jina la faili ghafi ukiwa nje ya programu.

Shikamooni. Mimi ni mwanafunzi wa chuo. Fundi mmoja aliniwekea programu ya kuhariri ya kulipia bila kulipia, akanifundisha kuzima antivirus kwanza. Inafanya kazi. Rafiki zangu wanasema ni hatari, wengine wanasema ni maneno tu. Ukweli ni upi?
*Msomaji, Dodoma*

Marahaba. Ukweli uko kwenye hiyo hatua ya kuzima antivirus. Programu iliyovunjwa kufuli hubadilishwa na mtu usiyemjua, kisha wewe unaiendesha kwa mamlaka yote ya kompyuta huku mlinzi umemfungia nje. Kuhariri picha kutafanya kazi, naam, kwa sababu ndicho chambo. Kinachoweza kuwa kimeingia nayo husoma nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari: barua pepe, mitandao ya kijamii, akaunti ya chuo. Vingine hufunga faili zote kwa msimbo na kudai fidia, na picha zako zimo. Zaidi ya hapo, nakala hiyo haipati masasisho, kwa hiyo siku utakapopata kamera mpya zaidi haitafungua faili zake.

Fanya hivi. Zima intaneti ya hiyo laptopu. Nakili picha na kazi za chuo kwenye diski ya nje, usinakili faili yoyote yenye mwisho wa EXE wala folda ya ufungaji aliyokuachia fundi. Futa kila kitu usimike Windows upya. Kisha, kwa kutumia simu au kompyuta nyingine, badilisha nywila zote ukianzia na ya barua pepe, na uwashe uthibitisho wa hatua mbili. Kuiondoa programu peke yake hakutoshi, kwa kuwa kilichoingia nayo hakikai kwenye folda yake.

Badala yake una Affinity, inayofanana sana na hizo za kulipia kwa tabaka, mask (njia ya kuhariri sehemu moja tu ya picha) na brashi za kuziba madoa. Zamani iliuzwa. Canva, kampuni ya programu ya usanifu wa mtandaoni, walimnunua mtengenezaji wake, Serif wa Uingereza, mwaka 2024, na tangu Oktoba 2025 inatolewa bure kwa Windows na Mac kwa mwenye akaunti ya Canva, hata akaunti isiyolipiwa. Zinazolipiwa ni zana za akili unde tu, na unaweza kuishi bila hizo. Pungufu lake ni kwamba haina hifadhi ya kupanga maelfu ya picha, na haina toleo la Linux.

Ukiwa kwenye kompyuta ya maktaba au ya kukodi usiyoruhusiwa kufunga kitu, fungua Photopea kwenye kivinjari. Inasoma faili za Photoshop (PSD), inajiendesha kwa matangazo, na picha yako haipandishwi kwenda kokote, inahaririwa ndani ya kompyuta hiyohiyo. Kumbuka kufuta ulichokihifadhi kabla hujaondoka.

Natumia simu pekee. Snapseed inatosha?
*Msomaji, Kigoma*

Inatosha, na ni ya bure bila alama yoyote kwenye picha. Jifunze zana moja vizuri: Selective. Gusa uso, alama itatokea. Bana au tanua vidole viwili kuweka ukubwa wa duara, telezesha kidole juu au chini kuchagua mwanga, contrast au rangi, kisha kushoto au kulia kupunguza au kuongeza. Wengi hukimbilia vichujio vilivyopikwa tayari na kuikosa hii.

Kama simu yako ina kamera ya Pro inayotoa DNG, Snapseed ya Android huifungua kama faili ghafi. Lightroom ya simu nayo ina sehemu ya bure nzuri ya mwanga na rangi, lakini kuhariri faili ghafi na mask vimefungiwa kwa wanaolipa. Ukiisimika, hakikisha kwenye mipangilio kwamba haitumi picha kwa bando la simu, iwe ni kwa Wi-Fi tu. Ikiruhusiwa, kupandisha picha mawinguni kunaweza kumaliza bando la wiki jioni moja.

Nililipia programu kwa mwezi nikidhani naweza kuacha wakati wowote. Nilipotaka kuacha baada ya miezi minne nikadaiwa pesa nyingine. Je, haya ni ya kawaida? Na kuna ya kununua mara moja?
*Msomaji, Nairobi*

Ni ya kawaida, na yanatokana na maneno mawili ambayo ukurasa wa malipo huyaandika kwa herufi ndogo: mpango wa mwaka, unaolipwa kila mwezi. Huo ni mkataba wa miezi 12 uliogawanywa, si wa mwezi mmoja mmoja. Chukua mpango wa wapigapicha wa Adobe wenye nafasi ya TB 1, ambao bei yake Marekani ni dola 19.99 kwa mwezi. Anayeacha baada ya siku 14 za mwanzo hudaiwa nusu ya kilichobaki. Ikibaki miezi 8, kilichobaki ni dola 159.92, nusu yake ni dola 79.96. Ule mpango wa bei nafuu wa GB 20 ambao marafiki zako huenda bado wanao hauuzwi kwa wateja wapya tangu Januari 2025.

Kabla ya kulipia chochote kwa mwezi, uliza swali hili: siku nitakapoacha kulipa, kazi yangu itakuwaje? Kwa Lightroom Classic, programu bado hufunguka, picha unaziona na kuzitoa, lakini chumba cha Develop, cha kuhariria picha, hufungwa, huwezi tena kutumia zana zake. Kwa hiyo kabla ya kuacha, zitoe picha zako bora zote kwa JPEG ya ubora wa juu au TIFF. Darktable haitakusomea marekebisho yote ya Lightroom.

Ya kununua mara moja kabisa inazidi kuwa adimu. Photoshop Elements, ambayo miaka mingi ilikuwa kimbilio la wasiotaka kulipa kila mwezi, tangu toleo la 2025 inauzwa kwa leseni ya miaka 3: dola 99.99, sawa na dola 2.78 hivi kwa mwezi. Ni nafuu, na inamfaa mtu mzima anayetaka kuongozwa hatua kwa hatua. Ila ijue kwamba ina mwisho.

Nahariri picha ikapendeza, nikipeleka studio kuisafisha inatoka nyeusi na kichwa cha mtu kimekatwa. Nibadilishe programu?
*Msomaji, Unguja*

Programu iache. Weusi unatokana na mwangaza wa skrini yako. Skrini ikiwa kwenye kiwango cha juu, picha ya giza huonekana ina nuru ya kutosha. Fungua ukurasa mtupu mweupe, shika karatasi nyeupe kando yake chumbani mchana, bila jua la moja kwa moja, na punguza mwangaza hadi viwili hivyo vifanane. Kisha ihariri upya. Ukitoa picha, chagua mpango wa rangi wa sRGB. Adobe RGB kwenye mashine nyingi za studio hutoka imepauka.

Kukatwa kwa kichwa ni hesabu ya umbo. Kamera nyingi hutoa picha ya 3 kwa 2, mathalani pikseli 6000 kwa 4000, ambayo inaingia sawasawa kwenye karatasi ya inchi 4 kwa 6. Ukiomba 8 kwa 10, umbo ni 5 kwa 4, na mashine itakata pikseli 1000 za urefu, yaani moja ya sita ya picha. Ikate mwenyewe nyumbani kwa umbo hilo, ukichagua kinachoondoka. Kwa ukali mzuri wa karatasi hesabu pikseli 300 kwa inchi: 4 kwa 6 inahitaji 1200 kwa 1800, A4 inahitaji 2480 kwa 3508. Na kama unaituma studio kwa WhatsApp, itume kama Document. Ikienda kama picha ya kawaida inabanwa, na kilichofika studio si kile ulichokihariri.

GIMP haihifadhi JPEG. Imeharibika?
*Msomaji, Arusha*

Haijaharibika. Save kwenye GIMP, programu nyingine ya bure ya kuhariri picha, huandika XCF, faili yenye tabaka zako zote, ya kuendelea nayo kesho. JPEG unaitoa kwa Export As, na jina uliishie na .jpg. Hifadhi zote mbili. Ukiwa na toleo la 3.0, lililotoka Machi 2025, au la baadaye, vichujio ulivyoweka vinabaki ndani ya XCF na unaweza kuvirekebisha tena. Kwenye matoleo ya zamani kichujio kikishawekwa kimeoka. Na ukiipa CR2 ikakataa, sakinisha darktable au RawTherapee kwenye kompyuta hiyohiyo: GIMP huzitumia hizo kufungulia faili ghafi.